Ukuta Uliokula Nguo

Ukigonga ukuta wa mbao ulioshiba, unaitika du. Ukigonga wenye njaa, unaitika bo. Saima Kettunen, bibi wa miaka themanini na mitatu, alikuwa amesimama chumbani kwake Jumatatu asubuhi akigonga kwa vifundo vya vidole, na kila mkono ulipopita usawa wa bega lake, ukuta wa kaskazini ulimjibu bo, bo, bo mpaka kwenye dari.

"Mlafi wewe," akauambia. "Hushibi?"

Nje theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha na baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Ndani, vichwa vya misumari iliyo karibu na dari vilikuwa vimeota barafu, kila kimoja na kofia yake nyeupe. Kando ya mlango kulikuwa na kidude cheupe kilichofungwa kwa skrubu, chenye tarakimu zinazowaka. Kilisoma kumi na nne na nusu.

Kidude hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Kilifungwa na Marika, yule dada wa halmashauri anayezunguka kijiji kizima cha Haukilampi kukagua wazee wanaoishi peke yao. Si mtu mbaya Marika, msimdhanie vibaya. Ana sauti laini na mikono ya joto, na huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Lakini alikuwa amesema wazi.

"Bibi Saima, mtu wa umri wako halali kwenye nyuzi kumi na nne. Alhamisi ijayo narudi. Nikikuta chini ya kumi na nane, sina la kufanya, itabidi uende ile nyumba ya wazee mjini. Wiki mbili tu, tukuangalie."

Wiki mbili tu! Nani Haukilampi asiyezijua hizo wiki mbili? Lempi wa ng'ambo ya ziwa alipelekwa wiki mbili, huu mwaka wa nne hajarudi. Nyumba ikizimwa jiko wakati wa baridi, mabomba yanapasuka; mabomba yakipasuka, hakuna tena pa kurudi. Saima alikuwa ameingia nyumba hii akiwa mke mpya wa miaka ishirini na mbili, akamzika mama mkwe akiwa humu, akamzika na mume, Urho, na hakuwa na mpango wa kuondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Kulikuwa na aibu nyingine pia, na hii alijitakia. Kidude kilipoletwa mara ya kwanza kilikuwa cha kuweka popote, basi Saima akakiweka juu ya jiko la matofali kule jikoni, akijiona mjanja kweli kweli. Hakujua kwamba kinatunza kumbukumbu. Marika alipokisoma kilikuwa kimeandika nyuzi thelathini na nane, usiku na mchana, wiki nzima. Hakumfokea. Alimtazama tu kwa huruma, akaandika kitu kwenye karatasi zake, akakifunga kidude ukutani chumbani. Tangu siku hiyo alianza kumsemesha Saima polepole na kwa sauti ya juu.

Saima alikuwa amejaribu kila njia. Alichoma kuni za mwezi mzima kwa wiki moja, joto likapanda nyuzi moja, kisha likashuka alipolala. Alimpigia simu mwenye mashine ya kupulizia kuta pamba ya karatasi ya kuzuia baridi. Yule kijana alicheka, kwa upole, lakini alicheka.

"Januari, mama? Mashine yenyewe imeganda! Nina nafasi Mei."

"Mei mimi sipo hapa, mwanangu."

"Unasafiri?"

Saima akakata simu.

Ubaya wote ulikuwa kwenye sehemu ya juu ya ukuta. Nyumba hizi zilijengwa baada ya vita, mbao nje, mbao ndani, na katikati unga wa mbao na maranda kutoka kiwandani. Ni kinga nzuri, hakuna wa kuikosoa, ila hushuka. Kila mwaka inajishindilia chini kidogo, na juu panabaki patupu. Urho alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Kila Septemba, viazi vikishatoka ardhini, alipanda darini na magunia yake na mchi mrefu wa mti wa bichi alioachiwa na baba yake, akashindilia, akaongeza, akashindilia tena, huku Saima akiwa chini chumbani akigonga na kumpigia kelele, "Bado bo! Bado! Haya, du! Hamia pengine!" Ilikuwa kazi yao ya miaka arobaini na tisa. Urho alikufa miaka sita iliyopita, na kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa kabla yake. Kwa miaka sita ukuta umeshuka na hakuna aliyeulisha.

"Basi utakula nilichonacho," Saima akasema, akaenda kuvaa viatu vyake vya sufu.

Tauno, jirani wa upande wa pili wa barabara, alimkuta nusu saa baadaye yuko kwenye ngazi ya dari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Tauno alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane naye, na kila siku alikuja kunywa kahawa ya Saima na kuisema vibaya.

"We Saima! Unatafuta kufa?"

"Natafuta kuishi. Shika ngazi."

"Shuka kwanza tuongee kama watu."

"Tauno, kama umekuja kutoa hotuba, kanisa liko kule. Kama umekuja kama jirani, shika ngazi, na uniletee yale magazeti ya Urho."

Tauno akashika ngazi. Walikuwa wakitukanana hivyo tangu ujana wao, na siku ambayo mmoja angekuwa na adabu, mwenzake angemwita daktari.

Darini baridi ilikuwa ya kukata pua. Saima alitambaa kwenye ukingo wa kaskazini akiwa na tochi kichwani, akang'oa ubao unaofunika kichwa cha ukuta, na hapo ikatokea midomo sita, mmoja kati ya kila nguzo na nguzo. Alimulika wa kwanza. Unga ulikuwa mbali chini, zaidi ya urefu wa mkono, zaidi ya urefu wa mtu akikaa.

"Vipi?" Tauno akauliza kutoka chini.

"Kisima."

"Mungu wangu. Hata kwangu ndiyo hivyo basi."

"Kwako ni zaidi. Wewe hukupanda hata mke wako alipokuwa hai."

Wakaanza na magazeti. Tauno aliyachana na kuyafinyanga mabonge, akayatia ndooni, Saima akavuta ndoo kwa kamba. Miaka na miaka ya magazeti, Urho hakutupa hata moja. Aliyatia, akashindilia kwa mchi, akatia, akashindilia. Mdomo wa kwanza ukafunga jioni. Tauno akaenda chumbani kugonga.

"Du!" akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. "Saima, nasema du!"

Jumanne magazeti yakaisha katikati ya mdomo wa pili. Basi yakaja mazulia ya matambara, yale ya milia aliyoyafuma mama mkwe, yaliyokuwa kila chumba na ukumbini. Tauno aliyakata vipande kwa shoka juu ya gogo.

"Haya si ndiyo aliyokuwa akikataza watu wasiyakanyage na viatu?" akauliza.

"Ndiyo hayo."

"Atakuja kukunyonga ndotoni."

"Aje. Atanikuta nina joto."

Mazulia yakamaliza wa pili na wa tatu. Kidude kilisoma kumi na sita kamili. Saima aliketi kitandani akakitazama mpaka macho yakamuuma. Mikono ilikuwa imechubuka, bega la kulia halinyanyuki, na kila alipovuta pumzi kifua kilipiga filimbi. Midomo mitatu bado. Siku mbili bado. Alilia kidogo, akajifuta kwa aproni, akafungua kabati la Urho.

Hakuwa amegusa kitu mle kwa miaka sita. Mashati ya flana, suruali za sufu za kuvulia samaki chini ya barafu, koti la harusi, koti la mazishi ya watu wengine, sweta saba. Alizinusa moja moja. Hazikuwa na harufu yake tena, zilinuka kabati. Hilo lilimsaidia.

"Haya Urho," akasema. "Septemba imefika."

Zikaingia zote. Jumatano saa nne asubuhi mdomo wa nne ulikuwa umejaa, wa tano nusu. Akatoa mablanketi ya wageni, mapazia ya sufu, mito, kitambaa cha meza ya Krismasi. Akashindilia mpaka mchi ukamponyoka mara mbili. Wa tano ukaitika du. Kidude kikasoma kumi na saba na nusu, na nje baridi ilikuwa imefika thelathini na nne.

"Nusu tu, Saima," Tauno akasema akiwa amesimama chini ya ngazi, pua nyekundu. "Nusu nyuzi. Choma kuni tu utaipata."

"Nikilala moto unashuka. Kile kishetani kinaandika hata nikilala."

"Basi huna kitu tena. Nyumba yote mwangwi mtupu."

"Nina kabati langu."

Tauno akaegemea ngazi. Kisha akasema, taratibu kwa mtu kama yeye, "Utavaa nini?"

"Nilichovaa. Mei yule kijana akija na mashine yake nazitoa zote, nazifua, naanika pale uani. Ukaone sweta za Urho zinapunga mkono." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "We unadhani watu wa zamani walifanyaje? Baba yako hakutia matambara?"

"Alitia mpaka kofia ya padri, inasemekana."

"Sasa! Leta."

Tauno akaleta. Magauni ya kazi, magauni ya kanisani, sketi, koti la manyoya alilolipata kwa dada yake, sweta yake nyekundu ya Krismasi, nguo za ndani za sufu, soksi jozi kumi na tisa. Mwisho kabisa gauni jeusi lililokuwa limekunjwa ndani ya karatasi laini, lile aliloliweka ili azikwe nalo. Tauno alilishika akasita.

"Na hili?"

"Nikifa ndani ya nyumba yangu, nizikeni hata na aproni."

Mdomo wa sita ukala gauni la kuzikwa, ukala na blanketi la mwisho la kitandani. Tauno akagonga kutoka pembe hadi pembe, kutoka sakafuni hadi juu kadiri ya kimo chake, kisha akapanda kiti. Du, du, du, du. Ukuta mzima. Saima alikaa kule gizani amekumbatia mchi wa mumewe, akamsikiliza jirani yake akigonga, na machozi yakamtoka bila sauti.

Usiku ule alilala amevaa koti la nje, na asubuhi barafu kwenye vichwa vya misumari ilikuwa imeyeyuka na kuacha michirizi midogo ya maji. Kidude kilisoma ishirini.

Marika alifika saa tano. Tauno alikuwa keshafika na samaki wa kuokwa kwenye karatasi, maana alisema hawezi kukosa kuona sura ya huyo dada. Saima alikuwa ameoka mikate ya iliki, amesuka nywele, na kahawa ilikuwa mezani. Marika akavua viatu, akaingia chumbani, akainama mbele ya kidude.

"Ishirini na moja!" akasema. Akakisoma tena, akabonyeza kumbukumbu. "Na usiku hakikushuka chini ya kumi na tisa. Bibi Saima, umefanya nini? Nakupongeza kwa dhati. Nyumba ni ya joto."

Saima alimtazama Tauno, Tauno akamkonyeza. Lo, kama furaha ingeweza kuua, bibi yule angeanguka pale pale.

"Basi nimalizie tu fomu," Marika akasema. "Chakula kipo, naona. Dawa? Vizuri. Nguo za baridi, safi, za kutosha?" Na kwa kuwa fomu inamtaka aone kwa macho, akafungua kabati.

Vining'inizio vilitikisika. Marika akafungua droo ya juu. Akafungua ya chini. Akageuka akatazama kitanda, akaona godoro na shuka moja na koti. Kisha akatazama sakafu isiyo na zulia, na dirisha lisilo na pazia.

"Bibi," akasema, polepole, kwa sauti ya juu. "Nguo zako ziko wapi?"

"Ukutani," Saima akasema, kwa majivuno yote aliyokuwa nayo.

Marika akafunga kabati.

"Ukutani."

"Humu ndani ya ukuta. Unga ulikuwa umeshuka, juu patupu. Nimeujaza. Gonga usikie! Magazeti ni pale, mazulia ya mama mkwe pale, Urho yuko hapa katikati, na mimi niko huku mwisho."

Aliposikia neno lake mwenyewe limetoka hivyo, alitaka kulirudisha. Lakini Marika alikuwa keshashika kalamu.

"Mume wako yuko ukutani?"

"Nguo zake! Nguo zake, mwanangu, usinifanye mjinga. Panda juu uone."

Marika akapanda. Alikuwa mtu wa haki, alipanda ngazi ile na soksi zake. Wakamsikia akitembea darini, kisha akasimama. Kwenye mdomo wa sita, Saima alikuwa amechoka mno kushindilia vizuri, na mkono wa sweta nyekundu ya Krismasi ulikuwa umechomoza nje ya ukuta. Wakasikia simu ikipiga picha.

Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu. Akamshika Saima mikono yote miwili.

"Bibi, hakuna anayekulaumu. Hata lile la kidude kwenye jiko, hakuna anayekulaumu."

"Ule ulikuwa ujanja! Hii ni kazi! Zamani kila mtu alifanya hivi. Mwulize Tauno, alikuwepo siku zote tatu, ndiye aliyegonga!"

Marika akamgeukia Tauno, na uso wake ulikuwa unaomba, kweli ulikuwa unaomba aambiwe jambo la maana.

"Mzee Tauno? Nilikuwa nipite na kwako mwezi ujao, upo kwenye orodha yangu. Hili ulilijua? Ulimsaidia?"

Tauno alifungua mdomo. Alitazama ukuta. Alitazama kile kidude, na karatasi za Marika, na kalamu iliyosimama juu yake. Ng'ambo ya barabara, dirishani, ilionekana nyumba yake, ya umri ule ule, mbao zile zile, ukuta ambao haukuwahi kulishwa. Pua yake ikaanza kuchuruzika akaifuta kwa mkono.

"Mimi nilileta samaki tu," akasema.

Saima aliketi kwenye godoro.

Marika alipiga simu kule jikoni kwa sauti ya chini. Wiki mbili, walimsikia akisema, tathmini ya kumbukumbu na akili, ndiyo, leo leo, kuna chumba? Akarudi, akachuchumaa mbele ya Saima.

"Nyumba yako ni nzuri, bibi. Sasa si suala la nyumba tena. Twende tu wiki mbili. Hebu tukufungie begi, nguo chache tu za..."

Akakumbuka. Akasimama, akajifanya anatafuta funguo za gari.

Tauno alikuwa bado kwenye kona. Alivua koti, kisha akavua sweta yake ya kijivu, nene, iliyofumwa na marehemu mkewe, akabaki na shati, akamnyooshea Saima kwa mikono miwili.

Saima alisimama. Akajifunga kitambaa kichwani, akavaa lile koti la kitandani juu ya aproni, akapita karibu na ukuta wa kaskazini na kuugonga mara moja kwa kifundo. Du. Kisha akaja mbele ya Tauno, akaisukuma ile sweta ikarudi kifuani kwake.

"Kaa nayo, jirani," akasema. "Mwezi ujao ukuta wako utaitaka."

Akatoka. Marika alimfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda.